Gavana Mpya kwa Injini Kuukuu

Selestini Budeba alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyapunguza akiwa mbele ya wakubwa. Ukimsalimu, aliitikia huku ametazama pembeni. Lakini mweke mbele ya injini ya kusagia, uiwashe, umwache hapo kwa muda wa kumaliza bakuli la uji, naye atakuambia ni wapi inavuja na mkanda upi utakatika kabla ya Jumapili. Mambo hayo hakuyasoma popote. Shule aliishia darasa la nne, huko huko Usukuma, kabla baba yake hajaswaga ng'ombe kuja kusini kutafuta malisho, safari ndefu iliyowafikisha wote kwenye mbuga za Usangu.

Mzee Budeba hakupendezwa kumwona mwanawe akiacha fimbo na kushika spana. Alisema kwamba ng'ombe anazaa, chuma hakizai. Selestini hakubishana naye. Alikwenda tu misheni kila alfajiri kumchotea maji fundi wa mashine ya pale, maji ya kupoozea injini, mpaka siku moja yule fundi akaugua na watu wakakuta unga unasagwa kama kawaida. Tangu hapo hakuna aliyemwita mchota maji tena.

Kufikia mwaka wa sabini na mbili alikuwa fundi wa ushirika. Ushirika huo ulikuwa na mashine za kusaga kuanzia Kihesa, Iringa, mpaka Mbalizi ng'ambo ya Mbeya, na nyingine zikiwa huko chini Usangu. Karibu zote zilikuwa kuukuu. Gavana zake, kile kifaa kinachoipa injini adabu isikimbie wala isilegee, zilikuwa zimekufa zamani, na kila mwendeshaji alikuwa amebuni lake. Mbalizi walining'iniza jiwe kwenye waya wa mafuta. Kihesa walifunga kamba ya katani na kuikaza kwa kijiti. Mwanhala, kijiji cha kina Selestini, hawakuwa na jiwe wala kamba. Walikuwa na Ngolo. Ngolo alisimama kutwa nzima ameshika mkono wa mafuta, akiongeza mahindi yakimiminwa na kupunguza yakiisha. Mtu akimuudhi asubuhi, unga wa siku hiyo ulitoka chenga tupu.

Hivyo kila mahali palikuwa na unga wake, mikanda ilikatika ovyo, na dizeli ilikwenda kama maji. Fundi akihama kituo ilimbidi aanze kujifunza upya, maana alichokijua Mbalizi hakikumsaidia chochote Kihesa.

Ndipo alipoajiriwa Eliezeri, kijana wa Kihehe aliyetoka kusomea mitambo. Alikuja na masanduku ya gavana mpya, zimefungwa kwenye karatasi za mafuta, zinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Aliwakusanya waendeshaji kwenye karakana ya ushirika kule Ilomba, Mbeya, akawaambia kwamba anataka mashine zote ziwe na tabia moja. Asitokee mtu tena wa kusema hii ya kwetu ina wazimu wake. Gavana zote zitapangwa mwendo mmoja hapo karakana, zifungwe kila kituo, na mtu asizichokonoe.

Waendeshaji waliguna. Ngolo aliuliza kama gavana hiyo itakuwa inakula ugali, kwa kuwa inachukua kazi ya mtu mzima. Selestini alichukua gavana moja, akaigeuza, akaizungusha kwa kidole, akaona vile vitufe vyake viwili vya chuma vinavyotanuka injini ikienda mbio na kubana mafuta, kisha vinasinyaa injini ikichoka na kuyafungulia. Aliipenda papo hapo.

Lakini bodi ya ushirika ilikuwa imeweka sharti. Mwenyekiti wake, Mzee Andendekisye, mkulima wa milimani na mzee wa kanisa, hakuwa mtu wa kuzungushwa. Alisema ushirika hauwezi kufuga mashine za aina mbili, zenye gavana na zisizo nayo. Injini itakayokataa kufungwa gavana itauzwa chuma chakavu.

Selestini alijua maana ya maneno hayo. Injini ya Mwanhala ndiyo iliyokuwa kuukuu kuliko zote. Ikiondoka, mashine nyingine ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto huo wakati wa masika haukuvukika. Kina mama wangerudi kwenye vinu. Mkewe Mbuke aliposikia habari hiyo aliendelea kupepeta mchele kwanza, kisha akamwambia, "Sawa. Ila wakiichukua, mume wangu, chonga mchi wa pili. Tutatwanga wote wawili."

Kazi ilianzia Kihesa, na gavana ilikaa kama mguu kwenye kiatu chake. Mbalizi matundu ya bolti hayakulingana, wakatoboa mengine, ikakaa. Vituo vingine viwili vya barabarani navyo vikakubali baada ya kubembelezwa kidogo. Eliezeri akawa anapita kituo hadi kituo na pikipiki yake, anazima, anawasha, anasikiliza, anacheka peke yake. Ukisikia mlio wa moja umesikia wa zote.

Walipofika Mwanhala kicheko kikaisha. Gavana ilitakiwa izungushwe na ncha ya shafti, ule mhimili wa injini unaozunguka, na ncha ya injini ile ilikuwa fupi, nene, na nyuzi zake za skrubu zilikatwa kwa upande wa kinyume. Eliezeri aliwaandikia waliotengeneza injini. Walijibu kwamba injini ya aina hiyo waliacha kuiunda siku nyingi na hawana kifaa chake chochote. Kijana wa watu alihuzunika kweli. Alikaa juu ya gunia, akasema hapo ndipo mwisho wa njia, kwani kuikata shafti ni kuiua injini, na kuikata gavana ni kuifanya isiwe gavana tena.

Selestini alikuwa amechuchumaa anaitazama ile ncha. Alimwomba Eliezeri siku chache.

Aliwaza hivi. Kijana wa Kisukuma akitaka binti wa Kisafwa, hawabadilishwi wazazi. Hutafutwa mshenga anayejua lugha ya huku na lugha ya kule, akakaa katikati. Basi na hapa isikatwe injini, isikatwe gavana. Kitafutwe kitu cha tatu. Alichonga kwanza kwa mti, akajaribu, akapunguza, akajaribu tena, mpaka kile kigogo kikaingia huku kwenye injini na huku kwenye gavana bila kucheza. Sasa kikahitajika chuma chema cha kukereza, na chuma cha namna hiyo hakikuwepo dukani wala karakana. Kilikuwepo uani kwa baba yake: ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe uliovunjika.

Kumwomba Mzee Budeba kitu cha mkokoteni wake kwa ajili ya injini kulihitaji moyo. Selestini alizungukazunguka zizi, akasifia ndama, akauliza habari za mvua. Mwishowe mzee mwenyewe alimwambia aseme alilojia au aende zake. Akasema. Mzee akapiga chafya ya ugoro, kisha akamwonyesha ekseli kwa fimbo yake na kumwambia aichukue, maana mama zake wamezeeka na vinu.

Ekseli ikapelekwa Ilomba. Eliezeri mwenyewe ndiye aliyeshika mashine ya kukereza, na Selestini akashika kigogo chake cha mfano, wakawa wanapima, wanakereza, wanapima. Walikata nyuzi za upande huu na nyuzi za upande ule. Eliezeri aliharibu kimoja, akatukana kwa Kihehe, akaanza kingine. Kilipokamilika wakakiita mshenga, na jina hilo halijabadilika mpaka leo.

Mwanhala mshenga aliingia mahali pake. Siku hiyo joto la mbuga lilikuwa la kukaanga mayai. Grisi ilikuwa imekwisha njiani, na kwa desturi ya nyumba ya Budeba chombo kipya hakianzi kazi kikiwa kikavu. Jembe, nira, mkokoteni, vyote hupakwa samli kwanza. Mama yake Selestini akaleta kibuyu. Selestini akapaka vitufe vya gavana na vipini vinavyovishika, samli ikatiririka ndani kama maji. Injini ikawashwa. Ngolo akaambiwa atoe mkono wake. Aliutoa taratibu, kama mtu anayemwacha mtoto asimame dede, na injini ikasimama yenyewe, ikidunda bila kuyumba. Mahindi yakamiminwa, ikashuka kidogo, ikajirudi. Ngolo aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Habari zikafika kwenye bodi, na bodi haikuziamini. Zilikuwepo injini nyingine za aina ile ile Usangu, na wazee walisema hawawezi kuamua hatima ya zote kwa kusikia. Waliombwa waende Mwanhala wakaone. Wakasema kule kuna mbu. Basi injini, ambayo ilihitaji pia kubadilishwa beringi karakana, ikapakiwa kwenye lori la ushirika pamoja na gavana yake na mshenga wake, ikapandishwa Mbeya.

Ilikuwa mwezi wa sita. Wanaoijua Mbeya ya mwezi wa sita wanajua. Umande unaganda juu ya majani, na mtu anazungumza kwa moshi. Selestini, aliyezoea joto la mbuga, alibadilisha beringi huku meno yakigongana. Injini aliifunika blanketi lake.

Asubuhi ya majaribio alikuwepo Mzee Andendekisye na bodi yake, wamejikunja ndani ya makoti. Alikuwepo pia Yudith, mama wa Ilomba aliyeendesha mashine ya pale na kuwawakilisha kina mama kwenye bodi, mwanamke mwenye sauti na mkono wa kazi. Aliliona lile blanketi.

"Fundi," akasema, "umetuletea injini au umetuletea ndama?"

Watu wakacheka. Selestini akaliondoa blanketi. Alifunga mkanda, akazungusha mpini, injini ikakohoa, ikashika.

Ikapanda. Alisubiri itulie kama ilivyotulia Mwanhala. Haikutulia. Iliendelea kupanda, gurudumu lake kubwa likawa duara la ukungu, sakafu ikatetemeka, kopo la bolti likaanguka mezani. Mkanda ukaruka na kupiga ukuta. Wazee wa bodi walitoka nje kwa mlango mmoja wote kwa pamoja, kofia ya mwenyekiti ikabaki ndani. Selestini alivua koti lake, akalisokomeza kwenye mdomo wa injini unaovuta hewa, akalikandamiza kwa mikono miwili. Injini ikakoroma, ikatapatapa, ikafa kama mtu aliyezibwa pua.

Ikabaki harufu ya moshi. Mzee Andendekisye alirudi, wenzake nyuma yake, akaokota kofia yake, akaipangusa.

"Basi, tumeona," alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Eliezeri mwanangu, maiti havishwi viatu vipya. Iuzwe, na wenzake wauzwe."

Wajumbe walianza kuelekea mlangoni kwenye jua. Selestini alisimama na koti lake lenye masizi, na moyoni mwake Mwanhala yote ilikuwa inatwanga. Maneno yalikuwepo. Yalikuwa yamekwama mahali pale pale yalipokuwa yakikwama siku zote. Akayasukuma.

"Ndugu Mwenyekiti. Naomba niifungue."

Walisimama, kwa sababu wengi wao hawakuwahi kuisikia sauti yake.

"Uifungue utafute nini?"

"Sijui," alisema Selestini. "Kule nyumbani ilitulia. Hapa imekimbia. Injini ni ile ile, gavana ni ile ile, na mshenga ni yule yule. Kilichobadilika nataka nikione kwa macho. Nikikikosa, nitawasaidia mimi mwenyewe kuipakia kwenye lori la chuma chakavu."

"Na mimi nataka kukiona," alisema Eliezeri, na tayari alikuwa ameshika spana.

Mwenyekiti akavuta kigoda, akaketi. Walifungua gavana mbele ya watu wote. Vile vitufe viwili ambavyo vingepaswa kutanuka vilikuwa vimelala chini, vimeshikamana, havitikisiki hata kwa kidole. Injini ilikuwa imekwenda mbio na hakuna aliyeiambia ibane mafuta. Katikati ya vipini palikuwa na kitu cheupe, kigumu kama nta. Eliezeri alikikwangua kwa ukucha akishangaa ni grisi ya namna gani. Yudith akainama, akanusa.

"Grisi gani inanukia chapati?" akasema. Akachukua kidogo kwa kidole, akalamba. "Hii ni samli. Tena samli nzuri."

"Nani amekaanga gavana ya ushirika?" akauliza mwenyekiti.

Karakana ilivunjika kwa kicheko. Selestini aliona aibu mpaka masikio yakapata moto katika baridi ile, lakini safari hii hakurudi nyuma. Aliwaeleza kwamba ni yeye aliyeipaka, na kwamba kwao chombo kipya hupakwa samli, na kwamba kule mbugani samli haigandi kabisa, ni mafuta usiku na mchana. Hakuwahi kuiona samli ya Mbeya mwezi wa sita. Mzee mmoja wa bodi akamwambia ajaribu na asali mara nyingine. Yudith akasema huyu Msukuma asifukuzwe, ila asiingizwe jikoni kwake.

Eliezeri hakucheka sana. Alikuwa akivitazama vile vitufe. Alisema kwa sauti ya mtu anayejisemea kwamba kumbe gavana haikukosea, wala mshenga hakukosea. Akaleta mafuta ya taa. Selestini alisafisha kila kipini, akakipangusa kwa kitambaa, akaweka oili nyepesi ya injini, akavijaribu vitufe kwa kidole. Vikacheza. Akafunga, akarudisha mkanda.

Safari hii wote walisimama mbali, na wengine walisimama mlangoni kabisa. Selestini peke yake alibaki karibu. Akazungusha mpini. Injini ikakohoa, ikashika, ikapanda, na ilipofika pale ilipotakiwa kufika, ikaacha kupanda. Ikabaki hapo inadunda, dungu, dungu, dungu, mlio ule ule wa Kihesa na wa Mbalizi.

Yudith hakuridhika na mlio. Alibeba debe zima la mahindi akalimimina kwa mkupuo, jambo ambalo mwendeshaji yeyote angempigia kelele. Mlio ukashuka, watu wakavuta pumzi, mafuta yakajifungulia yenyewe, mlio ukarudi. Hakuna mkono uliogusa chochote. Yudith akakinga unga, akausugua kati ya vidole, akampitishia mwenyekiti. Mzee Andendekisye naye akausugua, kisha akachukua debe la pili akalimimina kwa mikono yake mwenyewe, akitazama mkono wa mafuta ukicheza peke yake, na uso wake ukawa wa mtu aliyeona ndama akizaliwa.

"Injini hii irudi kwao," alisema. "Na zile nyingine zisiguswe mpaka kila moja itafutiwe mshenga wake. Fundi Selestini ndiye atakayewatafuta."

Selestini aliitikia kwamba amesikia. Kifua chake kilikuwa kimejaa kama gunia lililoshindiliwa. Eliezeri alimpiga bega kwa mkono wenye oili, akamwambia waanze kesho, kisha akauliza ekseli nyingine watazipata wapi. Selestini akasema Usangu mikokoteni mibovu haiishi.

Lori lilipoteremka tena mbugani, wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga na madebe yao kabla injini haijafungwa chini. Mbuke alikuwa katikati ya mstari, hakutaka apewe nafasi kwa kuwa ni mke wa fundi. Injini ikawashwa, unga ukaanza kutoka, na Ngolo, ambaye hakuwa tena na kitu cha kushika, akaanza kuwatwika kina mama madebe vichwani, kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani mwake. Walimtania kwamba sasa amekuwa mkwe mwema.

Alikuwepo mama mmoja mgeni, aliyehamia juzi tu kutoka kaskazini. Alisimama mlangoni akatazama injini inavyokwenda peke yake, inashuka na kupanda bila mtu. Akauliza ni Mzungu gani amekuja kuifunga hii.

Wenzake walimgeukia Selestini, kisha wakageuka ili wamjibie, kama walivyozoea kumjibia siku zote. Yeye akawahi.

"Tumeifunga sisi," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya mstari. "Mimi na Eliezeri wa Iringa. Na chuma ni cha mkokoteni wa baba yangu."

Mama yule alimpima kutoka juu mpaka chini, na masizi yake, na spana yake mfukoni.

"Haya, baba," akasema, akasogeza debe lake mbele. "Nisagie."